Barabara ya msituni imefungwa baada ya mvua: je, tupite kwa miguu?

"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha matembezi, watu 14, tunatoka Tanga mjini. Kwa miezi miwili tumekuwa tukipanga kwenda kwenye msitu mmoja wa Usambara, tupande Jumamosi ya wiki ijayo, tulale, turudi Jumapili. Sasa tumeambiwa barabara ya kupandia imekatika sehemu mbili kwa mvua za mwezi uliopita na imefungwa kwa matengenezo. Dereva wa Coaster anasema atatushusha kwenye kizuizi, tutembee kama kilomita 6 mpaka kijiji cha juu. Kijana wa kule anayetuongoza amenitumia picha: kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimeshatoa udongo, bodaboda zinapenya, akina mama wanapita na mizigo kichwani, na ni siku ya nne sasa jua linawaka. Wenzangu wanasema barabara imefungwa kwa magari, si kwa miguu. Tumeshalipa nusu ya pesa ya kiongozi na nusu ya chakula kwa mama atakayetupikia. Kati yetu wawili wamevuka miaka 60, na mmoja anakuja na mtoto wa miaka 9. Twende au tuahirishe? Na tukienda, tuchukue tahadhari gani?"

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kupanda Coaster, na umeuliza kwa ukamilifu, kwa hiyo nami nitakujibu kwa ukamilifu. Jibu fupi ni hili: kwa picha uliyonieleza, Jumamosi hiyo msipite hapo. Nafasi moja ipo ya kupita kwa utaratibu, nitaieleza mbele, lakini haitolewi na dereva wala na kijana wenu. Nataka kwanza uelewe kwa nini, maana najua utakuwa na kazi ya kuwaeleza watu 13 walioshaosha viatu.

Hukutaja msitu, na si lazima. Nitatumia Amani kama mfano kwa sababu nadhani wengi wenu mnaufahamu. Barabara inatoka Muheza, inapita vijiji na mashamba, inafika Zigi pale chini, halafu inaanza kujikunja kupanda mpaka Amani yenyewe, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walijenga reli kutoka Tengeni mwanzoni mwa karne iliyopita, nayo iliishia hapo hapo Zigi. Kwenda juu ilikuwa ni barabara tu, kama leo. Ukipita pale tazama upande wa mlimani wa kila kona. Utaona ukuta wa udongo mwekundu, mahali pengine umesimama wima kuliko ukuta wa nyumba. Huo tunauita ngema, na humo ndimo lilimo jibu la swali lako.

Barabara ya mlimani hujengwa kwa kuuchonga mlima upande mmoja na kuutupa udongo uliochongwa upande wa pili. Kwa hiyo unapotembea katikati ya barabara, nusu ya njia yako iko juu ya ardhi ya asili na nusu ya upande wa bondeni iko juu ya kifusi kilichomwagwa na kushindiliwa. Juu yako kuna ngema iliyokatwa mguu, chini yako kuna kifusi kilichoegemea hewa. Kwa miaka mingi vyote viwili hukaa salama ilimradi maji yaondoke. Ndiyo maana kuna mtaro upande wa mlimani na kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kila baada ya umbali fulani. Mtaro ukizibwa na majani, au kalavati likaingiwa na gogo la mgomba, maji huacha kwenda yalikopangiwa, yanaanza kutafuta njia ndani ya kifusi. Barabara nyingi za misituni ambazo watu husema "mvua imezikata" kwa kweli zilikatwa na kalavati moja ambalo hakuna aliyelizibua tangu mwaka jana.

Sasa udongo wenyewe. Usambara ya Mashariki ni mwamba wa kale sana ambao umeoza papo hapo kwa joto na mvua za miaka isiyohesabika, ukabaki udongo mwekundu mzito unaokwenda chini mita nyingi kabla hujafika kwenye jiwe gumu. Udongo huo una tabia ya unga. Unga mkavu unamwagika. Ukitia maji kidogo unafinyangika na kusimama. Ukizidisha maji unakuwa uji, na uji hausimami kwenye mteremko. Mlima wenye unyevu wa kawaida umo katika hali ya kufinyangika, ndiyo maana ngema zile zinaweza kusimama wima miaka 20 mkazishangaa. Mvua ikizidi kipimo, maji yanajaa katikati ya punje za udongo, yanazisukuma zisishikane, na wakati huohuo yanaongeza uzito wa mzigo wote. Kinachobeba kinadhoofika, kinachobebwa kinazidi uzito.

Hapo ndipo lile la "siku nne jua linawaka" linapowadanganya wenzako. Jua linakausha ganda, kina cha vidole viwili au vitatu. Ndani ya mlima maji bado yanasafiri. Msitu wa juu unapokea mvua kama sifongo, unayaachia maji polepole kwa majuma, na kazi hiyo ndiyo inayoufanya Mto Zigi usikauke. Wewe uliye Tanga mjini unaifahamu faida yake bila kujua: maji yanayokingwa kwenye bwawa la Mabayani na kuja kwenye bomba lako ni ya mto huo huo. Basi maji yaleyale yanayokufikia bombani siku nyingi baada ya mvua kukatika, ndiyo yanayoendelea kufika nyuma ya ngema siku nyingi baada ya mvua kukatika. Ngema inaweza kuanguka mchana mweupe, hakuna wingu, na watu wakabaki wanaulizana imekuwaje.

Picha ya kijiko kimeshatoa udongo ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Najua kwenu ndiyo iliyowapa moyo. Tope likiporomoka kutoka juu linakuja kulala barabarani. Lile tope lililolala pale linaudhi, lakini lina kazi: limekaa kwenye mguu wa mlima na linauegemeza. Ukilizoa lote kwa haraka ili gari lipite, umeondoa kizuizi kilichokuwa kinaushikilia udongo uliobaki juu. Mkandarasi anayejua kazi huanza juu: anachonga ngazi, anapunguza uzito wa sehemu ya juu, anachimba mfereji wa kuyaelekeza maji pembeni, halafu ndipo anasafisha chini, na mahali pabaya anapanga kapu za mawe zilizosukwa kwa waya kabla ya kuendelea. Lakini kijijini kuna wagonjwa, kuna majani ya chai yanaharibika, kuna mwenyekiti anapigiwa simu na kila mtu. Shinikizo ni kufungua njia. Kwa hiyo mara nyingi kinachoanza ni kuzoa chini. Kipindi hicho, baada ya tope kuzolewa na kabla ngema haijatengenezwa, barabara inaonekana nzuri kuliko ilivyokuwa tangu ilipokatika, na ni hatari kuliko ilivyokuwa tangu ilipokatika.

Nilishuhudia jambo hili kwa macho yangu katika barabara moja ya shamba iliyopita ukingoni mwa msitu, nikiwa msimamizi wa kazi. Tulizoa tope siku tatu. Siku ya nne jua lilikuwa kali hasa. Mchana, saa saba na nusu hivi, opereta alizima mashine tukaenda kula. Nilikaa juu ya pipa tupu, mbali kidogo na pale, nikimenya muhogo wa kuchemsha. Kwanza niliona punje za udongo zinadondoka kwenye uso wa ngema, chache chache, kama mtu anachekecha unga. Nikadhani ni mjusi. Kisha mgomba uliokuwa juu kabisa, pembeni mwa shamba la mtu, ukaanza kuinama. Hapakuwa na upepo. Majani yake hayakutikisika, mgomba mzima tu ulikuwa unainama na kipande cha ardhi uliyosimamia. Nilisimama, sikuwahi kusema neno. Mlima ulishuka na kulala mpaka kwenye minyororo ya kijiko, na mlio wake haukuwa mkubwa kama nilivyofikiri ungekuwa. Dakika 20 kabla ya hapo, wanafunzi wawili wa shule ya msingi walikuwa wamepita mahali hapo hapo wakiwa wameshika viatu mkononi, na aliyewaruhusu wapite ni mimi. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile, mtu akiniambia "watu wanapita", huwa nawakumbuka wale watoto na viatu vyao.

Tuje basi kwenye hilo la watu kupita. Ni kweli, akina mama wanapita na bodaboda zinapenya. Lakini tazama wanavyopita. Mwenyeji anapita peke yake au wawili, haraka, hasimami kupiga picha. Anaijua ngema ile tangu utotoni, anajua kona ipi ina chemchemi. Anapita kwa sababu hana budi: ana mgonjwa, ana ndizi zitakazooza, mtoto ana mtihani. Ameipima hatari na haja yake, akaamua, na ana haki hiyo. Ninyi mtapita watu 14 kwa mstari, mmevaa mikoba, mmoja akisimama kufunga kamba ya kiatu wote wanasimama nyuma yake, na wa kwanza atataka picha mbele ya kijiko. Mtakaa chini ya ngema muda mrefu mara nyingi zaidi ya yule mama. Uzito wa mtu hauangushi mlima, hilo wenzako wako sahihi. Kinachohesabika ni muda mtu anaokaa mahali mlima unapoweza kuangukia. Na haja yenu ni matembezi. Nayapenda matembezi, nimeyafanya maisha yangu yote, lakini hayana uzito wa mgonjwa.

Halafu mashine. Opereta wa kijiko haoni nyuma yake, na upande mmoja mkono wenyewe wa mashine unamziba. Masikioni ana mngurumo tu. Kijiko kinapogeuka, kitako chake kinafagia nusu ya barabara kwa kufumba na kufumbua. Wenyeji hupigiana filimbi na yule kijana wa bendera, wanasubiriana. Mgeni anayetokea kwenye kona akiwa na vipokea sauti masikioni, huyo ndiye opereta anayemwogopa kuliko maporomoko.

Sasa hoja yao kubwa, kwamba barabara imefungwa kwa magari. Hiyo inategemea nani aliyeifunga, na ndilo swali la kwanza ambalo kikundi chenu hakijauliza. Barabara za mikoa na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na za vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017. Ndani ya mipaka ya hifadhi za misitu za serikali mwenyeji wako ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na yeye ndiye anayetoa kibali cha kuingia. Vipande vingine huhudumiwa na mashamba ya chai. Barabara moja ya kilomita 6 inaweza kupita katika mikono mitatu. Mhandisi wa TARURA anaweza kuwa amezuia magari tu, kwa sababu kifusi cha upande wa bonde hakibebi tani. Lakini mhifadhi anaweza kuwa amesimamisha wageni wote, kwa sababu anajua hana namna ya kumtoa mtu akivunjika mguu. Kibali mtakacholipia kinawaruhusu kuingia msituni. Hakiwapi haki ya kupita katikati ya eneo la ujenzi. Na kiongozi wenu, hata awe mwaminifu vipi, hana mamlaka ya kufungua kilichofungwa na hao. Simlaumu. Kijana yule ameshapokea nusu ya pesa na pengine ameshaitumia; akiulizwa "njia inapitika?" unategemea ajibu nini?

Nimegusia kumtoa mtu. Hili ndilo ambalo watu wa mjini huwa hawalipigi hesabu, na kwangu mimi lina uzito sawa na ngema. Siku za kawaida mtu akiteguka kifundo cha mguu kule juu, gari linapanda, linamchukua, anafika hospitali Muheza jioni hiyo. Barabara ikikatika, hakuna gari. Zinabaki kilomita 6 za machela. Kumbeba mtu mzima kwa machela kwenye mteremko wenye utelezi kunahitaji watu wanne kwa wakati mmoja na wanne wa kuwapokea, wakibadilishana kila baada ya dakika chache. Katika watu 14, toa majeruhi, toa wazee wawili, toa mtoto na mzazi wake: mmebaki tisa, na kati yao lazima mmoja atangulie kutafuta mtandao. Mtachukua saa nyingi, mtaingia gizani, na katikati ya safari mtapita chini ya zile ngema mbili, polepole kuliko mlivyopanda. Hapo nazungumzia kifundo cha mguu. Sijasema habari ya mzee ambaye kifua kimembana usiku.

Najua mwongozaji atapendekeza njia ya mkato: "Hatupiti barabarani, tunakata huku msituni, tunatokea juu." Likatae hilo mapema. Poromoko halianzii barabarani. Kichwa chake kiko juu, ndani ya msitu, na nyufa za kipande cha ardhi kinachotaka kushuka baadaye ziko hapo hapo njia ya mkato inapopita, zimefunikwa na majani makavu. Nimewahi kutumbukiza fimbo katika ufa wa namna hiyo, upana wake haukuzidi kiganja, fimbo ikazama yote. Tena mguu wa watu 14 kwenye udongo uliolowa unachimba mfereji. Mvua inayofuata inapata njia mpya ya kushukia, na inashukia moja kwa moja kwenye ngema ile ile inayotengenezwa.

Kuhusu kuahirisha au kubadilisha, nikuambie ninavyoona.

Kuahirisha ndilo ninalolipenda. Masika ya upande wetu huanza Machi mpaka Mei, na mlima unahitaji muda zaidi ya hapo kujikamua. Usambara ya Mashariki haina kiangazi hasa, mvua inanyesha karibu kila mwezi kwa sababu ya upepo wa baharini, lakini kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba njia huwa na unafuu mkubwa, na Januari na Februari vilevile. Vuli ya Oktoba hadi Desemba iheshimuni. Desemba 3, 2023, wakati wa mvua za vuli za mwaka wa El Niño, tope la Mlima Hanang lilishuka mpaka Katesh na kuua watu zaidi ya 80, na wengi wao walikuwa majumbani mwao au kwenye shughuli zao mjini. Hawakuwa wamepanda popote. Tope likishaingia kwenye korongo husafiri mbali kuliko mtu anavyodhani. Kwa hiyo mkipanga tarehe mpya, msiweke kambi wala chakula cha mchana kwenye kivuko cha kijito, hata kama kivuli chake ni kizuri.

Kama watu wameshaomba ruhusa kazini na hawataki wikiendi ipotee, ulizeni kama kuna njia za matembezi upande wa chini wa kizuizi. Kwa mfano wangu wa Amani, pale Zigi peke yake pana msitu wa nyanda za chini, mto, vipepeo na ndege wa kutosha kumshughulisha mtu siku nzima bila kupanda. Mtoto wa miaka 9 atafurahia mto kuliko kilele, hilo nakuhakikishia. Mtalala Muheza au mtarudi Tanga jioni. Sharti ni lilelile: ruhusa ya mhifadhi, na mto uwe umepungua. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, mnayatazama kwa mbali.

Kuhamia msitu mwingine kunahitaji akili kidogo. Watu hukimbilia Lushoto, wanasema Magamba ni pazuri, na kweli ni pazuri. Lakini mvua iliyoiharibu Usambara ya Mashariki mara nyingi haikuiacha ya Magharibi, na barabara ya Mombo kupitia Soni kwenda Lushoto yenyewe imechongwa kwenye mlima wa namna hiyo hiyo. Piga simu kwanza. Uluguru ni hivyo hivyo. Mkitaka miti bila miteremko mikali, na mko tayari kwa safari ndefu ya gari, vilima vya Pugu na Kazimzumbwi karibu na Dar es Salaam havina ngema za kuwatisha.

Sasa ile nafasi moja niliyokuahidi. Ipo hali ambayo ningekubali kupita, mimi mwenyewe, na kundi la watu wazima wenye afya. Mhifadhi ametoa ruhusa akijua kuwa mtapita kwenye eneo la matengenezo, na si ruhusa ya kawaida ya mgeni. Msimamizi wa kazi, yule mwenye kofia ngumu anayewaamuru mafundi, ametaja saa ya kupita ambayo mashine zimezimwa, na ametoa mtu wake wa kuwavusha. Mvua haijanyesha kule juu, narudia kule juu, kwa siku kadhaa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa haijatoa angalizo wala tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wa Tanga kwa siku zenu zote mbili. Siku ya kurudi ndiyo watu husahau. Mvua ikinyesha Jumamosi usiku mtakuwa mmefungiwa juu, kwa hiyo beba dawa za kila siku za siku tatu zaidi na mwambie bosi wako mapema.

Mkifika sehemu ilipokatika, mnasimama mbali, kabla ya kona. Mmoja mwenye macho mazuri anabaki akitazama juu tu, hatazami watu. Wengine wanavuka mmoja mmoja, mwendo wa haraka bila kukimbia, mkoba umelegezwa mkanda wa kiunoni ili uweze kuuvua ukianguka. Hamna maongezi, hamna picha. Mnapita katikati ya barabara: ukijibana kwenye ngema punje zitakuangukia, ukienda ukingoni kifusi kinaweza kukatika chini yako. Ukiona ufa mpya unaokwenda sambamba na ukingo, ukiona mti ulioinama wakati wenzake wamesimama, maji yanatoka kwenye ukuta mahali ambapo mafundi wanasema jana hayakuwepo, au kijito kilichokuwa kinakwenda kimenyamaza ghafla, mnarudi. Hiyo ya kijito kunyamaza ni mbaya kuliko zote, maana yake kuna tope limeyaziba maji juu na yanajikusanya.

Kwa kundi lako kama lilivyo, hata hali hiyo ikipatikana, mtoto asije safari hii. Hawezi kuvuka peke yake kwa mwendo unaotakiwa, na mzazi hawezi kumwacha upande mmoja. Wale wawili waliovuka miaka 60, sina tatizo na umri wao. Nimewaona wazee wa Usambara wanaonipita kwenye mlima nikiwa nahema. Waulize tu kwa faragha, kila mmoja peke yake, kama anatumia dawa za presha au sukari na kama mwezi huu ametembea kilomita 10 bila kupumzika sana. Akisitasita, mshauri aonane na daktari wake kabla hata ya kuzungumzia barabara. Usimuulize mbele ya kundi, atasema yuko sawa.

Mimi niko mbali na sijaiona ngema hiyo. Picha ya simu haionyeshi mteremko ulivyo wala maji yaliyomo. Kwa hiyo kesho Jumatatu asubuhi, piga simu ofisi ya hifadhi, uliza mambo matatu: nani amefunga, amefunga kwa nani, na matengenezo yamefika hatua gani, wamechonga juu au wamezoa chini tu. Wakikuambia wamezoa chini tu, mazungumzo yameisha. Kama unaweza, mpigie na mwenyekiti wa kijiji cha juu. Yeye atakuambia kama kuna watu wamehamishwa kwenye nyumba zao. Palipohamishwa wenyeji, mgeni hana la kufanya hapo. Na ikitokea mko huko na ardhi ikamfunika mtu, msikimbilie kuchimba wote kwa pamoja, maana poromoko la pili hufuata la kwanza. Mmoja atazame juu, mmoja apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112, mmoja amfuate msimamizi wa kazi, kwa sababu kijiko na watu wake ndio msaada ulio karibu.

Pesa mliyotanguliza msiihesabu kuwa imepotea, wala msiende kudai irudishwe kwa ukali. Mwambie kijana wa kuongoza kwamba nusu yake inabaki palepale, mtamalizia siku mtakayopanda, na kwamba hamjamkosea imani. Mnamhitaji aendelee kuwapa habari za ukweli za barabara, na atazitoa kwa uhuru zaidi akijua hazimpotezei riziki. Yule mama mpishi mpigie leo leo, usingoje Jumatatu. Kama barabara imekatika, mchele na mafuta vinapandishwa kwa kichwa au kwa bodaboda kwa bei isiyo ya kawaida, na kwa watu 14 lazima aanze kununua mapema. Usimwache apandishe kilo 10 za mchele kupita chini ya ngema ile kwa ajili ya wageni ambao hawaji.